Gari la nyumba, mikataba mitatu na barabara ya Big Bend: uchambuzi wa kisa kimoja

Wenye kisa ni mume na mke wanaoishi Houston, Texas. Mume ni mtu wa Tanga, na miaka yake mingi ya Marekani ameipitisha kwenye usukani wa malori ya masafa. Mke ni wa Mombasa, muuguzi aliyestaafu. Wanaishi na kijana wa dada yake mume, mtu mzima aliyevuka miaka 25 na mwenye kazi yake. Walinunua gari la nyumba (motorhome, gari lenye sehemu ya kuishi na kulala ndani yake) lililotumika, la mwaka 2016, na safari yao ya kwanza kubwa ilikuwa kwenda hifadhi ya Big Bend, kwenye kona ya Texas inayopakana na Mexico, kisha kumalizia El Paso kwa binti yao. Kabla ya kuondoka walitaka wakate shauri kuhusu msaada wa barabarani: gari likikwama nani aje, na nani alipe. Niliitwa nisome karatasi kwa kuwa kazi yangu ni kupanga safari za malori na nimezoea maneno ya watu wa breki dauni. Majina yao nayaweka pembeni.

Gari lenyewe

Nilianza na gari kabla ya kugusa mkataba wowote. Wanunuzi wengi huanza na bei, na baadaye hugundua kwamba walichonunua hakilihusu gari lao.

Hili ni gari la daraja A, lile lenye umbo la basi. Urefu wake futi 32, karibu mita 10, na limejengwa juu ya shasi ya Ford F-53 yenye injini ya petroli ya V10, lita 6.8. Kibandiko cha kiwandani kinasema likibeba kila kitu lisizidi pauni 18,000, yaani tani 8 na ushei. Tairi ni sita, saizi 245/70R19.5: mbili mbele, na nyuma pacha mbili kila upande. Spea halina. Magari mengi ya daraja hili hutoka kiwandani hivyo hivyo, na hata spea ingekuwepo, nati za magurudumu hayo hazifunguki kwa spana ya gari dogo, sembuse kwa mtu wa miaka 60 na kitu aliyepiga magoti kando ya barabara kuu.

Kila moja ya sifa hizo inabadilisha aina ya msaada unaohitajika. Breki dauni ya kawaida, ile ya kitanda inayobeba Corolla, hapa haina kazi. Linatakiwa gari zito la kuvuta, na hayo hayako kila mji. Halafu kuna mkia. Sehemu ya nyumba iliyozidi nyuma ya ekseli ni ndefu, kwa hiyo ukinyanyua pua kupita kiasi, mkia unasugua lami na mabomba ya maji taka yanakatika. Mvutaji mzoefu hupima kwanza au huleta trela ya chini. Na kwa kuwa nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma kupitia giaboksi ya otomatiki, kulivuta magurudumu ya nyuma yakizunguka kunadai propela shafti ifunguliwe, la sivyo giaboksi inazunguka bila kulainishwa na inaungua. Kufungua propela ni kazi yenye bei yake, na watu wa magari mazito hutoza kufika, kufunga mnyororo, kila maili, na wengine hutoza hata maili za kurudi walikotoka. Bili ya kuvutwa kwa gari kama hili huanzia mia kadhaa za dola, na katika nchi tupu kama magharibi ya Texas haishangazi ikafika maelfu.

Nyuma ya gari walikuwa wakikokota Jeep Wrangler, magurudumu yote manne chini, ya kutembelea wakishaegesha. Nitairudia, maana ilikuja kuwa na faida isiyoandikwa kwenye mkataba wowote.

Karatasi tatu

Ya kwanza ilikuwa kiambatisho cha bima. Kampuni iliyolikatia gari bima ilikuwa tayari kuongeza msaada wa barabarani kwa makumi ya dola tu kwa mwaka. Kwa bei haikuwa na mpinzani. Ilisema gari litavutwa hadi gereji ya karibu yenye uwezo wa kulitengeneza, na likizama litatolewa kwa winchi mradi lisiwe zaidi ya futi 100 kutoka barabarani.

Ya pili ilikuwa klabu ya magari ambayo mke alikuwa mwanachama wa miaka mingi kwa ajili ya magari yao madogo. Aliipenda. Ilikuwa imemwokoa usiku mmoja kwenye maegesho ya hospitali na hakuisahau. Klabu mashuhuri kuliko zote ya namna hii ni AAA, iliyoundwa Chicago mwaka 1902, na hadi leo ni shirikisho la vilabu vya mikoa, ndiyo maana shangazi yako aliyeko jimbo jingine anaweza kukuapia jambo ambalo kwenye karatasi yako halimo. Uanachama wa ngazi ya chini umekatwa kwa kipimo cha gari dogo. Gari la nyumba halivutwi mpaka mtu apande ngazi na aongeze kipengele cha RV, kifupi cha Kiingereza cha magari ya nyumba. Kwenye karatasi ya mama huyu, akipanda, angepata maili 100 za kuvutwa kila mara, kwa miito minne kwa mwaka.

Ya tatu ilikuwa uanachama wa wenye magari ya nyumba. Katika kundi hili jina la Good Sam limekuwepo tangu 1966, na Coach-Net tangu miaka ya 1980. Karatasi waliyokuwa nayo, ambayo sitasema ni ya nani, iliahidi kuvutwa bila kikomo cha maili hadi gereji ya karibu yenye uwezo, kuletewa tairi pale ulipokwama, na simu ya fundi anayelijua gari la nyumba kwa shasi na kwa nyumba yake. Ada ilikuwa chini ya dola 250 kwa mwaka, na magari madogo ya familia yalikuwa ndani.

Mume alikuwa ameshaamua: kiambatisho cha bima, mazungumzo yamekwisha. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko ilivyosikika. Alisema kampuni zote hizo hazina breki dauni hata moja huko jangwani. Zote zitampigia yule yule mwenye gari zito wa mji ule ule. Mtu aliyeendesha malori anajua hilo, na ni kweli. Kampuni ya msaada ni mpokea simu mwenye orodha ya wavutaji. Akikosa wa kumtuma, atakwambia utafute mwenyewe urejeshewe fedha, na hapo kama hukuchukua namba ya idhini kabla ya kumlipa mvutaji, kudai kunakuwa safari nyingine. Nilikubaliana naye kabisa kuhusu atakayekuja. Tulitofautiana kuhusu atakayemtuma: anajua kuuliza nini, na mkataba unamruhusu alipie nini.

Kuutembeza mkataba barabarani

Tuliacha bei, tukafungua ramani.

Barabara kuu ya I-10 ukishapita Kerrville kwenda magharibi inakuwa kitu kingine. Mwendo unaruhusiwa hadi maili 80 kwa saa, miji inakuja kwa nafasi: Junction, Sonora, Ozona, halafu maili 100 na ushei hadi Fort Stockton. Ozona ni makao makuu ya kaunti ya Crockett, na ndio mji pekee katika kaunti nzima. Kutoka Fort Stockton wangeshuka kusini kwa US 385, karibu maili 60 hadi Marathon, kisha maili nyingine 70 hivi hadi Panther Junction, ofisi kuu ya hifadhi. Kambi waliyoichagua ilikuwa Rio Grande Village, maili 20 zaidi, ukingoni mwa mto.

Hapo nikamwomba mke ashike kalamu. Tuseme injini imekufa Rio Grande Village. Maili 100 za klabu zinakufikisha wapi? Zinakuvusha Marathon kidogo, na Marathon ni mji wa mamia machache ya watu. Alpine iko maili 120 hivi kwa njia hiyo, Fort Stockton karibu 150. Zaidi ya hapo unalipa mwenyewe kila maili kwa bei ya gari zito. Kwa mtu anayezunguka Houston, Austin na Dallas, maili 100 ni nyingi kupita mahitaji. Kwa safari hii zilikuwa zinaishia porini.

Hata hivyo nilitetea kipengele hicho cha klabu, kwa sababu watu hukidharau. Maili 100 ni zako: ndani yake unachagua unakopelekwa. Kwenye mikataba ya "gereji ya karibu yenye uwezo" hakuna kikomo cha umbali lakini chaguo si lako. Kampuni ndiyo inayoamua gereji ipi ina uwezo. Kwa gari la nyumba hilo lina uzito. Wakala wa Ford wa mji mdogo anaweza kuwa na fundi hodari wa V10, ila mlango wa karakana yake mfupi na lifti yake ya magari madogo. Je, ana uwezo? Anayelipa kwa maili ana sababu ya kusema ndiyo. Nilimwambia mke awapigie wote watatu swali moja: "Nimekwama Big Bend, daraja A, futi 32, F-53. Mtanipeleka gereji gani?" Wawili walisoma maneno ya mkataba. Mpokea simu wa uanachama wa RV aliuliza kwanza kama ni hitilafu ya shasi au ya nyumba, kwa kuwa zinakwenda kwa mafundi tofauti, kisha akasema wao huipigia gereji kuhakikisha inapokea gari la urefu huo kabla ya mvutaji kuondoka. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa zote za kijitabu chao.

Jambo la pili lilikuwa barabara yenyewe. Karatasi zote tatu zilidai gari liwe kwenye barabara ya umma inayotunzwa na kupitika. Big Bend ina ekari zaidi ya 800,000, na sehemu nzuri za hifadhi zimeunganishwa kwa njia za vumbi na mawe. Mume alikuwa na ndoto za Old Maverick Road. Kwa Jeep, sawa, ila ajue kwamba ikipasukiwa tairi huko, hakuna kati ya watatu anayewajibika. Na kwa gari la nyumba hata lami ina mipaka: barabara ya kushukia Chisos Basin ina kona na miteremko ambayo wenye hifadhi wanashauri gari la nyumba linalozidi futi 24 lisiingie. La kwao lilikuwa futi 32. Walipanga kwenda huko kwa Jeep.

La tatu ni mtandao wa simu, na hapa sina la kurefusha. Kusini mwa Marathon simu ni ya kubahatisha. Mkataba mzuri kuliko yote haufanyi kazi kama huwezi kupiga simu.

Nani analindwa

Hiki ndicho kipengele kilichotaka kuvunja kikao, na ningemshauri kila msomaji mwenye familia ya kwetu akisome kabla ya kingine chochote.

Kiambatisho cha bima kinalifuata gari. Yeyote aliyeruhusiwa kuliendesha, gari likikwama, msaada unakuja. Klabu inamfuata mwanachama: awe ndani ya gari gani, hata la rafiki, mradi yupo na kadi yake ipo. Uanachama wa RV kwenye karatasi ile uliwafuata watu wa kaya na magari yao, na kaya ilikuwa imeandikwa: mwanachama, mwenzi wake, na watoto wanaowategemea walio chini ya miaka 25 wanaoishi nyumbani.

Mke akauliza, na huyu kijana wetu? Nikamjibu hayumo. Akaniangalia kama niliyemtukania mtoto. "Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege, shule kasoma kwangu, leo mwaniambia si wa nyumba hii?" Mume akacheka, akasema Wamarekani hawajui mjomba. Lakini haikuwa ya kucheka, kwa sababu kijana ndiye aliyekuwa anatumwa kulipeleka gari kubadilisha oili na kulijaza gesi, peke yake. Akikwama Katy Freeway, barabara kuu ya Houston, saa ya msongamano na wenye kadi wako nyumbani, uanachama wa RV ungeweza kukataa. Kumwongeza kwa ada kidogo kuliwezekana katika klabu. Katika uanachama wa RV alitakiwa achukue wake.

Kwa hiyo kile kiambatisho cha bei rahisi, ambacho nilikuwa nimeshakiweka kando, kikarudi mezani kwa sababu ambayo mume hakuitoa.

Kuna tahadhari yake. Kampuni nyingine za bima huyaweka maombi ya kuvutwa katika kumbukumbu za madai ya mteja, na ukiwa nayo kadhaa unaweza kuulizwa wakati wa kuhuisha. Hivyo nilipendekeza kiambatisho kiwepo kwa siku ambazo kijana yuko peke yake, na wenyewe wakiwamo ndani ya gari wautumie uanachama. Na ikiwa ni ajali, vyote viwili vikae kimya: kuvutwa baada ya kugongana ni kazi ya bima kubwa ya gari, na kule ukianza kwa namba ya simu isiyo yake unaweza kujikuta unalipa mwenyewe na kubishana baadaye.

Waliamua hivi: uanachama wa RV kama tegemeo, kiambatisho cha bima kibaki, na klabu waiache ukomo wake ufike bila kuhuisha, kwa kuwa magari madogo yalishaingia kwenye uanachama. Mke aliiaga klabu kwa shingo upande. Tulihakikisha pia kwamba uanachama umeanza siku kadhaa kabla ya safari, maana mikataba hii huwa na muda wa kungojea, na hitilafu iliyokuwepo kabla ya kujiunga hailipiwi.

Tairi

Lililobaki halikuwa la mkataba. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba ya DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi zote sita zilisoma 4215: wiki ya 42, mwaka 2015. Kashata zake, ule mpira wenye mifereji unaogusa lami, zilikuwa nene, zinang'aa, mpya machoni. Tairi za gari la nyumba huzeeka zimesimama. Jua la Texas na uzito usiosogea huzichosha mpira kabla hazijalika. Zikivuka miaka sita au saba, wauza tairi wengi watakwambia uzibadilishe bila kuangalia kashata. Nilisema hivyo. Bei ya tairi sita za saizi ile ilikuwa mara kadhaa ya mikataba yote kwa pamoja, na safari ilikuwa imekaribia. Mume akasema kwenye lori angezitembeza bado. Wakaondoka nazo.

Mke alifanya jambo moja ambalo naliona ndilo lililookoa siku. Aliandika karatasi, akaipitisha kwenye mashine ya plastiki na kuibandika juu ya kioo cha mbele: urefu, kimo, uzito wa kibandiko, shasi na mwaka, saizi ya tairi, namba ya gari, namba ya uanachama, na maneno "tunakokota Jeep, magurudumu manne chini".

Maili ya 381

Ilitokea kati ya Sonora na Ozona, kwenye kibao cha maili 381. Kijana ndiye aliyekuwa ameshika usukani, wazee wamekaa nyuma yake. Tairi la ndani la pacha ya kulia lilipasuka, likapiga ukuta wa chini wa gari, likang'oa kipande cha paneli na kuvunja bomba la maji taka. Kijana hakukanyaga breki kwa pupa; alilipeleka bega la barabara taratibu. Mume akashuka na vibao vya pembe tatu, akavipanga nyuma kwa umbali wa watu wa malori. Kule kwetu dereva angekata matawi akayatandaza.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Tairi la nje lilikuwa bado limesimama. Mume alitaka wajikongoje maili 16 hadi Ozona kwa mwendo wa pole. Mke akapiga simu ya uanachama na kuomba fundi kabla hata ya kuomba msaada. Fundi akauliza uzito, akauliza tairi lililobaki lina miaka mingapi, akasema msisogee: lile la nje limebeba mzigo wa mawili tangu mwenzake apasuke, nalo likienda mkiwa kwenye mwendo mtapoteza zaidi ya paneli. Mume akasema amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Mke akamjibu, "Lile lilikuwa lori la kampuni, baba. Hili letu."

Mpokea simu alisomewa karatasi ya kioo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ozona na Sonora hakukupatikana tairi la saizi ile siku hiyo. Lilipatikana San Angelo, maili 60 na kitu kaskazini ya Sonora, kwa watu wa tairi za malori. Gari lao la huduma lilifika baada ya zaidi ya saa nne, likiwa na tairi mbili, kwa sababu fundi wa simu alishawaambia pacha yote ibadilishwe. Wakati wanangoja, kijana alifungua Jeep, akampeleka mke Ozona kula na kupumzika, kwani joto la mchana lile halikuwa la kumweka mtu wa umri wake kando ya lami. Familia isiyokokota gari dogo ingebaki pale. Na kama lingehitaji kuvutwa, kabini ya gari zito hubeba abiria wawili, ukibahatika.

Mkataba ulilipa fundi kufika na kazi ya kufunga. Tairi mbili walilipa wenyewe, kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine. Paneli na bomba havikuwa kazi ya msaada wa barabarani kabisa. Vilikuwa vya bima ya gari, na kiasi wanachoanza kulipa wao kilikaribiana na gharama yote ya matengenezo, kwa hiyo hawakudai. Bomba lilifungwa kwa gundi na waya, fundi wa nyumba akalimaliza El Paso. Badala ya kuendelea magharibi, waligeuza wakamfuata yule fundi hadi San Angelo, wakalala huko, wakabadilisha tairi nne zilizobaki, ndipo wakashika tena njia ya Big Bend.

Kama wangechagua vingine

Nimejaribu kuipitisha siku ile kwenye karatasi zile nyingine. Klabu hubadilisha tairi kwa spea yako. Bila spea, unavutwa. Kutoka maili 381 kurudi Sonora ni maili 19, kisha San Angelo 64 hivi: jumla haifiki 100. Wangevutwa bila kulipa maili ya ziada, wangefika gereji waliyoichagua wenyewe, ila wangengoja gari zito na propela ingefunguliwa. Kwa tukio hili klabu isingewaangusha. Kiambatisho cha bima kingeleta mtu, lakini kuletewa tairi hakukuwa ndani yake, na nadhani wangeishia kuvutwa Ozona na kulala wakingoja mzigo wa tairi. Tofauti ya maili, ambayo ndiyo tuliyoihesabu kwa kalamu, haikuguswa hata kidogo. Kilichofanya kazi ni sauti ya fundi kwenye simu na kipengele cha kuletewa tairi, ambacho nilikisoma kwa haraka jioni ile kama nyongeza ndogo.

Bado nisingebadilisha uamuzi. Injini ingekufa Rio Grande Village, hesabu ingekuwa ya karibu maili 150 za gari zito, na hapo klabu ingewaacha katikati. Ninachokipa uzito mdogo kuliko nilivyokuwa nikikipa ni fidia ya safari iliyokatika, ile inayorudisha fedha za hoteli na chakula ukikwama zaidi ya maili 100 kutoka nyumbani. Walidai usiku wa San Angelo, wakatakiwa risiti, barua ya gereji inayosema gari lisingeweza kuendeshwa, na tarehe za kila kitu. Gari lilikuwa linaendeshika. Lilikuwa linangoja tairi nne ambazo hazijapasuka. Walikataliwa, na kwa maneno ya mkataba, kukataliwa kulikuwa sahihi.

Limebaki suala la kijana. Sasa anataka gari likodishwe kwenye majukwaa ya kukodisha magari ya nyumba wakati wazee hawasafiri, lilipie ada zake lenyewe. Kiambatisho cha bima na uanachama vyote vinaondoa gari lililokodishwa kwa malipo. Jukwaa lenyewe hutoa bima na msaada wa barabarani kwa siku ambazo mpangaji analo, lakini kampuni ya bima ya wazee inapaswa kujulishwa kabla, na nyingine hukataa kabisa kuendelea na gari la namna hiyo. Mke ameshapiga simu na kuomba jibu kwa maandishi. Hadi lifike, ufunguo anao yeye.